Vijiti Thelathini na Saba

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumatatu, kopo lilikuwa palepale lilipoachwa Ijumaa: kwenye kona ya meza ya mwalimu, karibu na boksi la chaki. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga lililobanduliwa karatasi yake. Msichana aliyekuwa na zamu ya kufagia alilitazama mara tatu kabla hajashika ufagio. Halikuonekana kuguswa. Akafagia kuanzia nyuma kuja mbele, akazoa taka, akatoka nje kuzimwaga, na aliporudi akalitazama tena.

Alikuwa na sababu. Ndani ya kopo kulikuwa na vijiti thelathini na saba, na yeye peke yake, kwa kadiri alivyojua, ndiye aliyefahamu kwamba havikuwa tena thelathini na vinane.

Msichana huyo wenzake walimwita Sitasita. Jina hilo alilipata darasa la nne, katika hesabu za kichwa. Mwalimu wa wakati ule alimwuliza tatu mara tatu ni ngapi. Jibu alilijua kama anavyoijua njia ya kwao, lakini ulimi ukateleza ukachukua neno la jirani. Akasema, "Sita." Mwalimu akamwambia arudie. Akarudia, "Sita." Darasa likaangua kicheko, na msichana mmoja mwenye mdomo usiokauka, ambaye kila mtu alimwita Redio, akapaza sauti: "Sita, sita! Sitasita!" Jina likamganda, maana lilimfaa pande zote mbili. Tangu siku hiyo aliposimamishwa kujibu alisitasita mpaka mwalimu akachoka na kumwita mwingine. Sasa alikuwa darasa la sita, na kwa miaka miwili hakuwa amenyoosha mkono hata mara moja.

Wiki mbili kabla ya Jumatatu hiyo alikuja mwalimu mpya wa hisabati, mtu mwembamba, mtaratibu, mwenye saa kubwa ya mkononi. Wiki ya kwanza hakusema mengi. Ya pili alisimama mbele akafungua daftari dogo.

"Nimehesabu kwa siku tano," alisema. "Mikono inayonyooka ni saba, na ni ile ile. Darasa lina watu thelathini na wanane. Ninyi wengine mmekuja kuwasindikiza wenzenu?"

Watu walicheka. Mwalimu hakucheka. Alitoa kopo lenye vijiti vya aiskrimu vilivyooshwa, kila kimoja kimeandikwa ncha moja namba ya mwanafunzi kama ilivyo katika daftari la mahudhurio. Ncha yenye namba ilitazama chini, ili asiwepo wa kuiona. Alilitikisa kopo, akachomoa kijiti, akakigeuza namba ije juu, akasoma. Sheria zilikuwa mbili. Aliyeitwa aliweza kusema "naomba dakika", na darasa lote lingemngoja dakika nzima kwa saa ya mwalimu. Na aliyemcheka mwenzake angejibu swali linalofuata yeye, amesimama ubaoni.

Siku ya pili ilitoka namba sita. Alikuwa msichana wa dawati la mbele aliyeitwa Taratibu kwa sababu ya kigugumizi. Aliomba dakika, akaimaliza karibu yote, kisha akasema, "Ku-ku-kumi na mbili." Jibu lilikuwa sahihi, na hakuna aliyecheka. Aliketi akiwa na uso wa mtu aliyefunguliwa mlango aliougonga kwa muda mrefu. Kuanzia hapo kila kipindi cha hisabati alikaa wima, macho kwenye kopo, akingoja zamu yake irudi.

Sitasita hakuliona hilo. Aliona kitu kimoja tu: namba yake ilikuwa tisa, na siku yoyote ingetoka. Kwa hiyo Alhamisi ya wiki ile, akiwa peke yake na ufagio, aliinua vijiti kimoja kimoja, akichungulia ncha za chini. Namba zilikuwa zimesimama kichwa chini, zikimsumbua kusoma. Kijiti cha saba kuinuliwa kilikuwa na tisa iliyosimama vizuri kabisa. Alikichomoa, akakitia ndani ya mkebe wake wa jometri, kimebanwa kati ya rula na bikari. Akashusha pumzi. Sijulikani tena, alijiambia. Nimetoka kwenye kopo.

Ndiyo maana Jumatatu hiyo, saa tatu na dakika kumi, mwalimu alipolitikisa kopo, Sitasita alikuwa mtu pekee darasani aliyeegemea dawati kwa raha.

Mwalimu akachomoa. Akageuza. Akasoma, "Tisa."

Hakusimama. Alidhani amesikia vibaya.

"We," Redio, aliyekaa naye dawati moja, alimsukuma kwa kiwiko. "Umeitwa."

"Sikusikia."

"Mpaka mlinzi getini amesikia."

Alisimama. Mwalimu aliuliza swali la sehemu, tena rahisi, lakini swali halikumfikia. Kichwani mwake lilizunguka jambo moja: kijiti cha tisa kiko ndani ya mkebe wangu. Amesoma nini?

"Dakika yako imeanza," mwalimu alisema, macho kwenye saa.

Dakika ikaisha. Hakuna neno lililotoka.

"Kaa. Nitarudi kwako."

Maneno hayo mawili Sitasita aliyabeba siku nzima. Nitarudi kwako. Mtu asiyejua jambo husemaje hivyo? Mwalimu anajua, aliwaza. Anajua na ananichezea. Nani amemwambia? Alimtazama Redio, aliyekuwa akila kipande cha mkate na kuongea wakati huo huo. Redio angejua, shule nzima ingejua. Labda mhudumu wa shule, mama anayeleta chaki asubuhi na kutembea kwa kandambili zisizo na mlio. Kila aliyemtazama mara mbili siku hiyo, Sitasita alimhesabu kuwa mpelelezi. Aliyemtazama mara moja, alimhesabu kuwa mpelelezi hodari.

Jumanne alifika shuleni saa moja na nusu. Aliamua kuhakikisha. Ikiwa mwalimu aliandika kijiti kipya cha tisa, vijiti vitakuwa thelathini na vinane. Alivimimina juu ya meza, akavihesabu, akavihesabu tena. Thelathini na saba. Hakuna kilichoongezwa. Lakini kati yake, namba ikiwa juu kama mwalimu anavyoisoma, kimoja kilikuwa na tisa.

"Unatafuta nini humo?"

Mhudumu alikuwa mlangoni na boksi la chaki.

"Natoa vumbi, mama."

"Vumbi la kopo?" Mhudumu aliitazama sakafu. "Hili la huku chini umelisamehe?"

Sitasita alirudisha vijiti harakaharaka na kushika ufagio. Mhudumu aliweka chaki mezani, akasimama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akaondoka bila mlio.

Wakati wa mapumziko Sitasita alifungua ukurasa wa mwisho wa daftari lake akaandika: *Kwenye kopo 37. Kwangu 1. Jumla 38. Tisa kwenye kopo 1. Tisa kwangu 1.* Alichungulia mkebe. Kijiti kilikuwa kimebanwa vilevile alivyokitia, na kilisomeka tisa. Basi tisa zilikuwa mbili tangu mwanzo. Alitazama hesabu hiyo mpaka damu ikamchemka. Mwalimu alimwekea yeye vijiti viwili, ili atoke mara mbili ya wenzake! Na kama yeye alikuwa na viwili, na jumla ni thelathini na nane, basi kuna mtu hana hata kimoja. Kipenzi chake fulani, aliwaza. Amemficha, amenitupa mimi.

Hesabu ilikuwa sahihi. Alichokosea ni kujibu swali ambalo hakuwa ameliuliza: ni nani huyo asiye na kijiti?

Jumatano swali hilo liliulizwa na mtu mwingine. Kipindi kilikuwa kinaisha pale Taratibu alipoinua mkono.

"Mwa-mwalimu, namba si-sita ipo?"

"Ipo," mwalimu alisema. "Kopo halichagui mtu. Vuta subira."

"Wengi wametoka mara mbili ta-tangu wiki iliyopita. Nimeandika."

Mwalimu alimtazama, akalitazama kopo, na kengele ikalia. Alipotoka alilichukua kopo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alilete.

Bombani, Taratibu aliwaambia wasichana wawili kwa shida kwamba anafahamu kilichotokea. Mwalimu amemtoa. Amechoka kumngoja. Kesho hatahangaika tena kujiandaa, na wala hataomba dakika ya mtu. Mmoja wa wasichana hao alikuwa Redio, kwa hiyo kufikia saa nane mchana habari ilikuwa imelifikia kila dawati. Sitasita aliisikia na hakuifikiria sana. Alikuwa na shaka zake za kutosha.

Mama yake alikuwa dobi. Kibanda chake kilikuwa na meza ndefu ya pasi, kamba nne, na kapu la nguo za wateja. Kila nguo ilifungwa kipande cha kitambaa chenye namba ya mteja, na kila alasiri Sitasita alimsaidia kuzipanga. Siku hiyo mama aliandika namba mpya kwa kalamu ya wino usiofutika. Alipoandika sita, alipiga mstari chini yake. Saba na nane hakupiga. Alipofika tisa, akapiga tena.

Sitasita alikuwa ameuona mstari huo maisha yake yote bila kuuliza.

"Mama, kwa nini hizi mbili tu?"

"Kwa sababu ya bwana mmoja mfupi," mama alisema bila kuinua kichwa. "Namba sita. Alikuwa na usaili wa kazi asubuhi. Nikakigeuza kitambaa cha namba, nikampa suruali ya namba tisa, jitu refu kama mlingoti. Akaenda ameikunja mara tatu, na kazi akakosa. Alirudi hapa bado ameivaa, akasimama mlangoni, akasema, 'Dobi, naomba nikuoneshe kitu.' Nikacheka kabla hajamaliza. Hakucheka yeye." Mama aliinua kipande cha kitambaa, akakipindua juu chini. "Usipoweka mstari, hawa wawili ni mtu mmoja."

Sitasita aliacha shati alilolishika. Alienda kwenye mkoba wake, akafungua mkebe, akachomoa kijiti. Namba ilikuwa upande wa chini, na ilisomeka tisa. Akakigeuza ncha ije juu, kama mwalimu anavyokigeuza kila siku mbele ya watu thelathini na wanane.

Sita.

Namba zote nyingine zilikuwa kichwa chini siku ile. Iliyosimama vizuri ndiyo iliyopaswa kumtia shaka.

"Vipi, mwanangu? Pasi imekuunguza?"

"Hapana, mama."

Mama alimtazama kwa jicho linalotafuta madoa. "Mteja akinificha doa la wino, nikafua na kupiga pasi juu yake, halitoki tena. Akiniambia mapema, nina dawa yake. Nasema tu."

"Hakuna kitu, mama."

"Sawa. Nimeshasema."

Alhamisi alifika shuleni saa moja na robo, kijiti kwenye kiganja. Alitaka kukirudisha mwenyewe, kimyakimya, na mambo yaishe. Meza ya mwalimu ilikuwa tupu. Kopo halikuwapo.

Saa tatu na dakika kumi mwalimu aliingia nalo. Hakulitikisa. Alimimina vijiti mezani, akavipanga safu za kumikumi mbele ya macho ya wote: safu tatu, na vijiti saba.

"Thelathini na saba," alisema. "Namba sita haipo. Niliviweka vyote mwenyewe. Kuna mtu amekichukua. Nataka kujua tu, nani na kwa nini."

Minong'ono ikaanza, na macho yakaanza kusafiri. Yalianza nyuma, yakapita madirisha, yakakusanyika yote kwenye dawati la mbele.

"Mwenyewe si anajua," mtu alisema.

"Mwalimu," alisema Redio, "nani mwingine angechukua sita? Kachukua anayeogopa kuitwa sita. Halafu akauliza ipo wapi, ili asishukiwe."

Lilikuwa wazo lenye kuingia akilini, na hilo ndilo lililokuwa baya. Watu waliitikia kwa vichwa. Taratibu alisimama.

"Si-si-si..." alisema.

"Anataka kusema sita," mtu wa nyuma akanong'ona.

"Nyamaza," mwalimu alisema. "Ana dakika."

Dakika ilipita. Neno "mimi" halikutoka. Taratibu alikaa, akalaza mikono juu ya dawati, akaitazama. Mwalimu naye alimtazama, na kwa mara ya kwanza Sitasita aliona usoni mwa mwalimu kitu alichokuwa nacho yeye wiki nzima: shaka.

Hapo ndipo alipoielewa hesabu yake ya ukurasa wa mwisho. Mtu asiye na kijiti hakuwa kipenzi cha yeyote. Alikuwa amekaa pale mbele, na akinyamaza yeye Sitasita, msichana yule angeitwa mwizi na mwongo mpaka darasa la saba, kwa sababu ya neno asiloweza kulimaliza.

Akanyoosha mkono.

Redio alidhani anaomba kwenda chooni. Mwalimu alimwita. Sitasita alisimama, akasema, "Mwalimu, kijiti cha tisa ninacho mimi."

Kicheko kikapasuka. "Tisa kipo mezani!" wakapiga kelele wa mbele. Mwalimu alitazama safu ya kwanza. Kweli, tisa kilikuwapo.

Ulimi ulikuwa umemfanyia yale yale ya darasa la nne. Safari hii lakini kosa lilikuwa limempa njia. Angeweza kusema amekosea, akakaa, na hakuna ambaye angemwuliza tena. Redio alikuwa tayari anamvuta sketi aketi.

"Naomba dakika," alisema Sitasita.

Hakuna aliyewahi kumsikia akiomba. Mwalimu alitazama saa yake. Kicheko kikafa kidogokidogo. Ilipofika kama nusu ya dakika, Sitasita alifungua mkebe, akainua kijiti, namba juu.

"Sita," alisema. "Kijiti cha namba sita ninacho mimi. Nilikichukua Alhamisi iliyopita nikifagia. Huyu hakukichukua."

Mwalimu alikuja, akakipokea, akakigeuza juu chini mara mbili.

"Kwa hiyo ulitaka kuiba namba yako," alisema, "ukaiba ya mwenzako."

"Ndiyo, mwalimu."

Mtu alicheka, na alikuwa Taratibu. Darasa likamfuata, na hata Sitasita mwenyewe mdomo ukamlegea.

"Kwa nini ulitaka kutoka?"

"Niliogopa kuchekwa. Halafu uliponiita tisa, nikadhani unajua, unanitega. Ulisema utarudi kwangu."

"Nilimaanisha nitarudi na swali jingine, ujaribu tena."

"Halafu nikadhani umeniwekea vijiti viwili."

"Nikupendelee hivyo kwa lipi?" mwalimu aliuliza. Kisha akamgeukia Redio. "Na wewe ulikuwa na ushahidi gani?"

Redio alisimama. "Sikuwa nao, mwalimu. Nilidhani."

"Alidhani," mwalimu alirudia, akiwatazama wote. "Huyu alinidhania mimi. Huyu wa mbele, nimesikia, alidhani nimemtoa kwa sababu nimechoka kumngoja. Ninyi mlimdhania yeye, na mimi pia, kwa dakika nzima. Wiki nzima tumedhaniana, na ukweli ulikuwa ndani ya mkebe wa jometri. Aliyeuliza swali kwa sauti ni mmoja tu, tena ndiye ambaye kuongea kunamgharimu zaidi yetu sote. Bila swali lake nisingehesabu vijiti."

Alirudi mezani. "Kopo hili sikulileta kumwaibisha mtu. Nililileta ili nafasi ya kuongea isiwe ya watu saba. Ukiogopa, omba dakika, nitakupa hata mbili. Ukikosea, sema umekosea, kama alivyofanya huyu sasa hivi. Lakini usijitoe kwenye kopo. Nafasi ya mtu mmoja ikitoweka, hesabu ya wote inaharibika. Mimi nami nimekosa. Niliandika sita na tisa bila alama."

Sitasita alimweleza kuhusu mstari wa mama yake. Mwalimu akampa kalamu. Sitasita akapiga mistari miwili mbele ya darasa, chini ya sita na chini ya tisa, akaviingiza vijiti kwenye kopo kwa mkono wake. Kisha akaenda dawati la mbele akaomba radhi kwa sauti ya kusikika. Taratibu alimjibu kwa neno moja, nalo lilitoka bila kukwama: "Haya."

Adhabu ya Sitasita ilikuwa wiki moja zaidi ya kufagia. Redio, aliyemshtaki mwenzake bila ushahidi, alipewa wiki hiyo hiyo na ufagio wa pili.

Jumatatu iliyofuata, saa moja na dakika arobaini, walihesabu vijiti pamoja. Vilikuwa thelathini na vinane. Saa tatu na dakika ishirini mwalimu alilitikisa kopo, akachomoa, akageuza, akaangalia mstari ulipo. "Tisa," alisoma. "Mstatili una eneo la sentimita za mraba hamsini na nne. Urefu wake ni sentimita tisa. Upana ni ngapi?"

"Naomba dakika," alisema msichana wa namba tisa.

Alitumia sekunde arobaini. Darasa lilingoja. Jibu lilikuwa sita, na alilitamka mara moja tu.